Mnada wa Miaka

Mwaka ni mali ya nani? Nauliza kwa sababu kazi yangu ni kuinadi. Mimi ni Manase, dalali wa usharika, na hapa kwetu mwaka hauishi kwa kalenda. Huisha pale kikapu cha mwisho kinapogongewa nyundo. Kabla ya hapo, hata mahindi yakikomaa yakavunwa yakaliwa, bado tumo katika mwaka uleule, tunazunguka ndani yake kama kuku kwenye tenga. Watu wa mbali hutucheka. Wanasema kwao mwaka huenda wenyewe. Heri yao. Wetu hauendi mpaka ubebwe.

Nieleze, maana najua kuna mgeni anayesikiliza. Sharika nyingi zina mnada wa sadaka. Asiye na fedha huleta mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu vinanadiwa nje, na mnunuzi mwenye moyo mzuri husema, "Namrudishia mwenyewe," kisha yule mama anarudi nyumbani na jogoo wake na baraka juu. Nasi hufanya hivyo mwaka mzima. Ila Jumapili ya mwisho hatuleti mayai. Tunaleta mwaka.

Kila mtu huja nao kikapuni, umefunikwa kwa jani la mgomba. Hauonekani, lakini una uzito na una harufu. Mwaka wa mzazi unanuka maziwa. Wa mwenye kesi unanuka vumbi la baraza na viatu vilivyosubiri. Naupandisha juu ya jiwe la kizingiti na kuupigia debe: "Mwaka wa Nderingo huu, jamani! Umetumika vizuri, una homa kidogo na harusi ya binti!" Hela hazina kazi siku hiyo. Mtu hutaja atakachofanya. "Nitamlimia shamba!" "Nitalima na kupalilia!" "Nitamlelea mjukuu mpaka aote meno!" Aliyetaja kikubwa ndiye anayechukua. Nagonga nyundo mara tatu, naye anajitwika kikapu, analizunguka kanisa, na katika mzunguko ule anakuwa yule mwenzake kweli kweli: anaumwa alipoumwa, anampenda aliyempenda, anamdanganya aliyemdanganya. Akirudi anautua mwaka miguuni pa mwenyewe na kusema neno lilelile la jogoo, "Namrudishia mwenyewe." Mwenye mwaka anausikia umekuwa mwepesi, anaunyanyua, anavuka nao.

Lakini huwezi kubeba kitu usibaki na vumbi lake begani. Kabla sijapewa nyundo nilinunua miaka mingi, na ndiyo maana mimi, mwanamume mwenye ndevu, nakumbuka uchungu wa kuzaa. Nakumbuka nilivyomkataa mchumba ambaye sikuwahi kumwona. Nakumbuka kuwa mjane nikiwa na miaka ishirini, na kuwa pacha, na kuwa mlevi kwa msimu mmoja wa mvua, ingawa pombe yenyewe hainipandi. Basi mimi ni nani? Mimi ni Manase. Kwa kiasi. Kiasi kingine ni Nderingo, na kiasi kingine ni mama mmoja aliyekwisha kufa ambaye bado ananikumbusha kuchemsha maji. Niliwahi kumuuliza Mchungaji Ombeni kama siku ya hukumu nitasimama peke yangu au na kundi. Akakuna kichwa, akasema, "Dalali, wewe gonga nyundo yako. Hayo tuachie wenyewe." Jibu la mtu aliyeshindwa, na ninampenda kwa hilo.

Asiyeleta mwaka wake hubaki ndani yake. Hafi wala hapotei, anabaki tu. Tunaye mmoja, Mzee Zebedayo, aliyeishi kwenye ngazi za mlango wa zamani. Mwaka wa nzige alisema kila mtu abebe wake, akakumbatia kikapu chake, akakataa mnada. Sisi tukavuka. Yeye akabaki anapunga fimbo hewani kufukuza wadudu tusiowaona, na ukimpa ugali anaumeza haraka kabla hawajatua juu yake. Vijana wanaomwamkia hawajui nzige ni nini. Anawaitikia kwa majina ya babu zao.

Sasa mwaka huu.

Mwaka huu ulikuwa mkubwa, jamani. Niseme bila haya: hatujawahi kuwa na mwaka kama huu, na ninajivuna. Tulikuwa usharika wa watu wanaofahamiana mpaka kikohozi. Kanisa letu lilikuwa na mlango mmoja. Tuliingilia hapo na kutokea hapo, na kwa kuwa tulitokea tulipoingilia, kuna mwaka tuliurudia mara mbili bila kugundua. Tulishangaa tu kwamba mahubiri tunayafahamu. Kisha wakati wa Kwaresima wakaja Watu wa Bondeni. Maji yalikuwa yamelijaza bonde lao, yakafunika mashamba, makaburi na kanisa. Walipanda mlima na kitu kimoja tu mabegani: mlango wa kanisa lao, pamoja na bawaba zake. Walikuwa na mlango bila nyumba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mchungaji akasema, na sisi wenyeji tukaangaliana kuona nani anaumwa. Wao waliimba kwa ngoma, sisi kwa kinanda cha pumzi kinachohema kuliko mpigaji wake. Wao walisali wamesimama, sisi tumekaa. Mkate wa meza ya Bwana ukawa unaisha kabla ya safu za nyuma. Na ule mlango? Wazee walisema utundikwe ukutani uwe kumbukumbu. Wengine wakasema ufanywe meza ya chai. Aliyekataa alikuwa kaka yangu, Kaanaeli, fundi mwashi.

"Mlango usiopitika ni ubao," alisema. "Watu hawa hawakubeba ubao."

Akachukua nyundo yake akaanza kuvunja ukuta wa mashariki, ule ambao babu zetu waliujenga bila dirisha ili upepo usizime mishumaa. Alivunja huku anapiga mluzi. Mwanga uliingia mahali ambapo haujawahi kuingia, tukaona kwamba rangi tuliyodhani ni nyeupe ilikuwa njano. Siku ya Jumanne, jiwe la juu likaachia. Kaka yangu hakufika nje.

Mlango ulisimikwa. Watu wa Bondeni na sisi tuliusimika pamoja, tukilia. Tangu siku ile kila kitu kimekua: ubatizo, ndoa za huku na kule, kwaya mbili zilizogombana mpaka zikawa moja, ngoma na kinanda vikatafutana vikapatana. Na Jumapili hii ya mwisho, kwa mara ya kwanza, tulikuwa tuingie kwa mlango wa zamani na kutokea kwa mpya. Mchungaji alikuwa amesema wazi: mwaka ujao uko upande wa mashariki.

Na Aikaruwa, mke wa kaka yangu, hakuwa amepita mlango ule hata mara moja. Alikuwa kiongozi wa waimbaji, sauti iliyokuwa inaamsha mapadri wa parokia jirani, na tangu Jumanne ile alikuwa hajaimba. Alizungumza, alipika, alisalimu. Hakuimba. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba mwaka wake usiponunuliwa atabaki huku. Angekaa kwenye ngazi na Zebedayo, akiwa bado kijana, akisikiliza jiwe likianguka, na watoto wa watoto wetu wangemwamkia naye akawaitikia kwa majina yetu. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwangu asubuhi ile. Nilikuwa nimeshampoteza kaka. Sikuwa tayari kumpoteza na shemeji.

Jua lilikuwa la utosini tulipoanza. Mnada ukawaka. Mwaka wa Nderingo ulichukuliwa na msichana wa Bondeni, akarudi kutoka mzungukoni anachechemea kwa baridi yabisi ya Nderingo, watu wakavunjika mbavu. Mwaka wa Mchungaji ulinunuliwa na mpiga ngoma, aliporudi akamshika mkono akamwambia, "Pole, Baba Mchungaji. Sikujua kama nawe huwa huamini siku nyingine." Mchungaji akacheka na machozi yakamtoka. Vikapu vilipungua. Kila aliyerudishiwa wake alienda kusimama kwenye mwanga wa mlango mpya, na mstari ule ukawa mrefu, wenye nguo za kila rangi, na nikauangalia nikasema moyoni: hawa ndio sisi. Tulikuwa wapi siku zote?

Kikabaki kikapu kimoja.

Aikaruwa alikuwa amekileta. Kwa hilo lenyewe nilimshukuru Mungu. Alikiweka juu ya kizingiti, akarudi nyuma.

"Shemeji," aliniambia kwa sauti ya chini, "usikisifie. Hakina cha kusifiwa."

"Nitakinadi tu, shemeji."

"Kinadi, basi. Kisipopata mtu usiwalaumu."

Nikainua sauti. "Mwaka wa Aikaruwa! Nani anautaka?"

Nderingo, mtu mwema, alisogea akashika mshikio, akajaribu. Kikapu hakikutikisika. Akarudi nyuma anatazama viatu vyake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi wahenga hawakuwahi kujaribu kukinyanyua kikapu cha shemeji yangu. Kila mtu alijua kilichomo. Kukibeba ni kusimama chini ya lile jiwe. Watu wa Bondeni walitazama chini, maana mlango ulikuwa wao. Watu wetu walitazama pembeni, maana ukuta ulikuwa wetu.

Nikagonga mara ya kwanza.

Na mimi? Ningekinunua mara elfu. Lakini mdomo unaonadi haununui. Ndiyo sheria ya nyundo, na aliyenikabidhi nyundo ile aliniapisha. Nilisimama pale nimejaa miaka ya watu, wajane na mapacha na walevi wote wakipiga kelele kifuani mwangu kwamba tubebe, tubebe, na mkono wangu mwenyewe ukapanda ukagonga mara ya pili. Niliuchukia mkono ule.

Ya tatu ingempeleka ngazini. Nikainua nyundo. Ikabaki juu. Sikuweza kuishusha na sikuweza kusema neno. Aikaruwa akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba ananiruhusu.

Hapo ndipo Bibi Nyanjige alipokosea.

Bibi Nyanjige ni mama mkubwa wa Watu wa Bondeni, mfupi, mnene, na hajui kunong'ona. Huko kwao mnada una desturi nyingine. Mnadi akiinua mkono na kukaa kimya, maana yake kitu kile si cha kuuzwa: ni cha msiba, na cha msiba kinagawanywa, kila nyumba inaondoka na fungu lake. Aliuona mkono wangu juu. Aliona nimenyamaza. Akapiga makofi.

"Haya! Mbona mmekaa? Dalali ameshasema. Leteni mikono!"

Akaja mbio kwa mwendo wake wa bata, akalivuta lile jani la mgomba, akakifunua kikapu.

Kanisa zima likashika vinywa. Toka dunia iumbwe hakuna aliyefunua kikapu cha mtu. "Bibi, hapana!" Mchungaji alisema. "Bibi, kwetu haifanywi hivyo!" Lakini alikuwa ameshaingiza mikono mpaka viwikoni. Na kilichokuwa hakionekani kikaonekana. Ndani hamkuwa na giza kama tulivyodhani. Kulikuwa na vitu, vingi, vya nyumbani, vimerundikana bila mpango chini ya jiwe moja.

Bibi Nyanjige alilishika jiwe. Ilikuwa Jumanne yenyewe. Akalikumbatia kifuani. "Hili letu," alisema. "Mlango ni wetu, na hili letu. Mwanangu, kwa nini umekaa nalo peke yako?" Likamwelemea, na watu wake wakamdaka, wakalishika pamoja naye, wakaanza kutembea.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza sheria. Nderingo akachukua ubaridi wa upande wa pili wa kitanda. Msichana mmoja akachukua kile kikombe cha pili ambacho Aikaruwa alikuwa bado anakimiminia chai kila asubuhi. Mpiga ngoma akachukua saa za alasiri, zile ambazo Kaanaeli alizoea kurudi. Mchungaji Ombeni aliinama akatoa maneno "ni mapenzi ya Mungu," akayapima kwa mkono. "Haya ni yangu," alisema. "Niliyasema mimi. Yamekuwa mazito hivi?" Akayatia begani, akaondoka nayo. Wazee waliotaka meza ya chai wakaja, wakachukua kimya chao wenyewe. Kila aliyeingiza mkono alitoka na kitu alichokifahamu.

Aikaruwa alinigeukia. "Na wewe, Manase? Utasimama hivyo mpaka lini?"

"Dalali hanunui, shemeji."

"Kwani nani anauza?"

Nikaishusha nyundo polepole, nikaiweka chini. Nikaingiza mkono. Nikaipata Jumanne ile mlangoni kwake, mimi nimesimama na vumbi la ukuta usoni, nikimwambia, "Shemeji, kaa kwanza." Nilikuwa sijawahi kuisikia kutoka upande wake. Nikajitwika. Nikazunguka kanisa la watu wangu nikiwa Aikaruwa, na nikaniona mwenyewe nikija njiani, na nikajua kabla sijafika. Nililia kwa sauti, sioni haya kulisema. Nililia kama mke, nikalia kama ndugu. Pembeni yangu walitembea Watu wa Bondeni na watu wetu, wote wakiwa mwanamke mmoja, kanisa zima likiwa mjane wa kaka yangu, na kwa mzunguko ule mmoja hakukuwa na mgeni wala mwenyeji.

Tukarudi. Tukatua kimoja kimoja. "Namrudishia mwenyewe." "Namrudishia mwenyewe." Bibi Nyanjige wa mwisho, anahema, na jiwe lake. Kila kitu kilirudi kikapuni; hakikupungua hata kikombe. Ila tulipokuwa mbali, jiwe lilipokuwa limeondoka juu, Aikaruwa alikuwa amefika chini kabisa ya kikapu, mahali ambapo alikuwa hajafika tangu Jumanne ile. Huko kulikuwa na miezi ya kwanza. Kulikuwa na mumewe anakoroga udongo, anapiga mluzi, anamtania kwamba mlango utakuwa mpana ili hata bibi harusi mnene apite na matarumbeta yake. Alikuwa amesahau kwamba na hayo yalikuwa ya mwaka huu.

Alikinyanyua kikapu. Kwa mkono mmoja.

Akatembea mpaka mlango wa mashariki. Tulimpisha. Alisimama chini ya lile pengo la jiwe la juu, akaligusa kwa vidole. Kisha akafungua kinywa. Mwanzoni ulikuwa mluzi tu, ule wa Kaanaeli, wa kuvunjia ukuta, mbovu, usiofuata noti. Halafu ukawa sauti. Sauti ile! Kinanda kikahema, ngoma za Bondeni zikaingia kwa nguvu, na watu wote tukaimba mpaka vumbi la ukutani likaanguka, na hakuna aliyeinua macho kwa hofu. Nilicheka huku naimba. Mtu ambaye angeniuliza pale mwaka ni mali ya nani ningemkumbatia nikamvunja mbavu.

Niliokota nyundo nigonge ya tatu, mwaka ufungwe.

"Subiri, shemeji," Aikaruwa alisema.

Alikuwa ameshatoka. Mguu mmoja ulikuwa upande wa pili, katika mwaka mpya, na kiatu kina umande wa huko. Akaurudisha. Akapita katikati yetu, akarudi mpaka mlango wa zamani, akakaa kwenye ngazi karibu na Mzee Zebedayo, aliyekuwa anapunga fimbo yake hewani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funika chakula, binti. Wanakuja."

"Kikapu chako kiko wapi?"

Mzee akakivuta nyuma ya koti lake. "Kila mtu abebe wake."

"Nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka leo mchana," Aikaruwa alisema. "Nipe fungu dogo tu. La kwangu."

Mkono wa mzee uliokauka ukalegea, na Aikaruwa akalifunua jani, lililokuwa limekauka mpaka likawa unga. Akawa wa kwanza kuingiza mkono. Hakuniangalia mimi, hakumwangalia Mchungaji. Alichukua njaa moja ya zamani, akaitia juu ya kikapu chake, akasimama. Bibi Nyanjige akafuata. Akafuata Nderingo. Mstari wote uliokuwa kwenye mwanga ukageuka ukarudi, wenye nguo za kila rangi, ukipanga foleni kwa mzee ambaye wengi wao hawakulijua jina lake.

Tulipomaliza kuzunguka, Zebedayo alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa chini. Alisikiliza hewa upande huu, akasikiliza upande ule.

"Nzige wamekwenda?" aliuliza.

"Wamekwenda, baba," Aikaruwa alisema, akamshika mkono.

"Lini?"

Nikainua nyundo.

"Sasa hivi," nikasema, nikagonga.